Mjadala: Sherehe za watu weusi makazini Marekani, nani abebe mzigo?

Mpishi wa Houston: Wakuu, salaam. Ofisini kwetu kila Februari, mwezi wa historia ya watu weusi, kampuni inataka sherehe. Idarani tuko weusi wanne na wote wanne tumo kwenye kamati, hatukuulizwa. Mwaka huu nilipewa pilau. Nyama kwa hela yangu, sufuria ya kuazima, usiku kucha jikoni, na asubuhi mafaili yangu ya madai ya bima yako palepale, hayakupunguzwa hata moja. Bosi akapiga picha na sahani.

Carter G. Woodson, mtoto wa waliokuwa watumwa, alianzisha wiki ya historia hii mwaka 1926 ili wanafunzi waonyeshe walichosoma mwaka mzima. Sidhani aliwaza kantini. Msimamo wangu: sherehe iwepo, lakini maandalizi yalipwe au yaingie kwenye tathmini ya mwaka.

Mwanamji: Mkuu, unachokoza nyuki. Baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi 2020 kampuni ziliahidi mbingu na ardhi. Januari 2025 kampuni ya maduka ya Target, ambayo makao yake yako hukohuko Minneapolis alikouawa, ikatangaza kuachana na malengo yake ya usawa. Google nayo imeuondoa mwezi wa historia ya watu weusi kwenye kalenda yake. Ukianza kudai malipo, unawapa sababu ya kufuta na hicho kidogo.

Mpishi wa Houston: Ndugu yangu, kwani kwa nini kimefutika kirahisi hivyo? Hakikuwa na bajeti, kilikuwa na jasho letu tu. Panapopatikana faida mbona wanawekeza? Mwaka 2022 maduka ya Walmart walileta hadi aisikrimu ya Juneteenth, sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa Marekani, wakazomewa mpaka wakaiondoa na kuomba radhi.

Mkenya wa Minnesota: Mimi nina swali lingine: kwa nini sisi tuliotoka Afrika? Nilikuja juzi kwa ndege, viza mkononi. Kazini nikavalishwa kitenge nieleze "urithi wetu". Nilipomaliza, mama mmoja mzaliwa wa Alabama akanivuta pembeni, akasema kwa upole: bibi yangu alichuma pamba, wewe wamekuchagua kwa sababu hadithi yako haiwasuti. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikiombwa kuzungumza nawaelekeza kwake.

Nesi wa Leicester: Huku Uingereza ni Oktoba, tangu 1987, na Mghana Akyaaba Addai-Sebo alikuwa mstari wa mbele kuuanzisha. Wodini kwangu ni siku ya vyakula, basi. Wanaosimamia zamu ni walewale, wanaopewa zamu za usiku ni walewale. Ila nisiwe mchoyo wa fadhila: wagonjwa wazee huifurahia kweli.

Binti Dallas: Mnabishania pilau, mimi naleta nywele. Nilisuka twende kilioni, msimamizi akaniambia hazina sura ya ofisi. Februari ilipofika akaziomba kwa ajili ya bango la sherehe! Nywele zilezile. Kilichonisaidia si bango, ni sheria ya CROWN, ambayo California ilianza nayo 2019 na Texas ikaanza kuitumia Septemba 2023. Sasa mwajiri hana ruhusa ya kunibagua kwa misuko yangu, Februari wala Agosti.

Mwanamji: Hapo kwenye sheria nakubali. Lakini sherehe ikifa, wanangu waliozaliwa huku watawaona wapi watu weusi wakiheshimiwa ofisini?

Mpishi wa Houston: Kwenye vyeo, kaka. Sisemi ife. Kamati inakutana wiki ijayo na nitapeleka mambo mawili: saa zetu zihesabiwe, na mada wapange Wamarekani weusi wenyewe, sisi wa kuja tusaidie tukiombwa. La pili nadhani litapita. La kwanza wakilikataa, pilau wapike wao.