Nimefika Istanbul jana, tayari nimetapeliwa. Naombeni ushauri

Mgeni_Njiani:
Wakuu, habari za saa hizi. Ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi, nimebakiwa na siku tatu, na nimeshaanza kuliogopa hili jiji.

Magari huku yanapita kulia. Jana Sultanahmet, mtaa wa watalii, nimevuka nikitazama upande niliouzoea, tramu ikanipigia kengele sikioni, nusura tuongee mengine.

Mbele kidogo, mng'arisha viatu kanipita, brashi ikamdondoka. Nikaiokota, nikamkimbilia nayo. Alishukuru mno, mkono kifuani, akang'ang'ania anisugue kiatu kama asante. Mimi nimevaa raba! Alipomaliza akaanza habari za mtoto mgonjwa, akataka hela. Nikatoa. Tangu hapo nimejifungia hotelini, anayenisalimia namwona mwizi tu. Nifanyeje?

Kapu_la_Safari:
Pole mkuu, ila nimecheka. Brashi haikudondoka, ilidondoshwa. Huo mchezo ni wa siku nyingi, na mimi nimeuingia mara mbili, safari mbili tofauti. Ukiiona tena chini, iruke.

Bi_Mkubwa77:
Mwanangu, hama hapo Sultanahmet, kila anayekuita ana cha kukuuzia. Nunua Istanbulkart, kadi ya usafiri wa mjini, nenda Eminönü upande feri ya Kadıköy. Dakika kama ishirini uko bara Asia, kwa nauli ya kawaida ya mjini. Agiza chai humo humo, wanaileta kwenye bilauri ndogo yenye kiuno. Ng'ambo ile kila mtu ana hamsini zake, utapumua.

Mzee_wa_Reli:
Ukirudi kupitia Üsküdar, huko huko upande wa Asia, panda Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013. Ukiingia inakata nauli ya njia nzima. Ukishuka, gusa kadi kwenye mashine iliyoandikwa *iade*, ikurudishie kilichozidi. Wageni wengi wanaipita hivi hivi. Na ukiwa Taksim, kijana mcheshi asiyekujua akikualika kinywaji, kataa. Bili utaletewa wewe.

Mgeni_Njiani:
Shikamoo mama, nipo kwenye feri saa hizi. Mzee niliyekaa naye kanikatia nusu ya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Nikachungulia kwanza miguuni pake kama kuna brashi. Nikala yote. Sasa namwona yake anawarushia shakwe, na ananiangalia mikono.