Nimeona ndege ya jeshi inatua Pemba, mtu ananambia mbele ya mkwe wangu "labda umeona ungo"

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nimetoka barazani sasa hivi, kahawa nimeiacha kikombeni, mikono bado inatetema. Nikikosea herufi mniwie radhi.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, sina haja. Anayevaa reflekta mpaka arusini, ambaye kila neno lake linaanza na "mie nilipokuwa uwanja wa Unguja". Huyo huyo. Leo kanivunjia heshima mpaka nimetamani ardhi ipasuke Chake nzima, tuingie sote na dhumna zake.

Asubuhi nilimpeleka mama mdogo uwanjani, anakwenda Unguja. Nimesimama nje ya uzio nasikia mngurumo. Si wa Caravan, zile ndege ndogo za abiria, Caravan ina injini moja na sauti yake naijua hata nikiwa usingizini. Huu mzito, unaupata kifuani kabla ya masikioni. Natazama juu, inakuja kutoka baharini, chini chini: bawa limekaa mgongoni, injini nne, kila injini mapanga manne, rangi ya kijivu tupu, haina hata mstari wa kampuni. Magurudumu hayashuki kwenye bawa, yanatoka ubavuni mwa tumbo. Imegusa lami, ikageuza mapanga kujisukuma nyuma, vumbi likatanda mpaka mama mdogo kajifunika mtandio. Ikasimama na njia bado ikabaki! Halafu nyuma pakafunguka, mlango ukalala mpaka chini, askari wakaanza kushusha masanduku. Nyuma ya kila injini masizi yameipaka bawa weusi. Hiyo ni C-130. Hercules, ndege ya mizigo ya jeshi. Nazisoma ndege hizi tangu skuli, yaani hapana atakayenidanganya.

Sasa baada ya Laasiri niko barazani nawasimulia watu, kwa adabu, kwa utaratibu. Mkwe wangu yupo, mzee wa watu, kanielekea ananisikiliza. Yule bwana akaweka dhumna chini, polepole, akanitazama toka kichwani mpaka ndara, akasema:

"Pemba? Injini nne? Labda umeona ungo."

Ungo, jamani! Mie, mtoto wa Chake, naambiwa ungo, mchana kweupe, mbele ya mkwe. NA MKWE AKACHEKA. Muuza kahawa akacheka. Mtoto aliyetumwa kashata akacheka na hata hajui kinachochekwa. Nakuapieni kicheko kile kimesikika Wete, na Misali wavuvi wameinua vichwa.

Ati njia ya Pemba fupi. Fupi! Kilomita moja na nusu ile. Oktoba 1963 Wamarekani waliitua Hercules juu ya meli, USS Forrestal, meli yenyewe haifiki hata mita 350, na hawakuifunga kamba ya kuizuia. Tena wakairusha kutoka hapo hapo. Ndege iliyoruka mara ya kwanza Agosti 1954, ikabuniwa makusudi itue penye udongo na majani, itashindwa lami ya Wawi? Nilitaka kumwambia yote haya, lakini utasema nini na watu wanaanguka kwa kucheka? Keshasema ungo. Neno likishafika ungo, Pemba hii, huna tena la kusema.

Halafu ananiuliza "picha iko wapi". Picha! Askari wamesimama pale, mie nitoe simu niwapige picha? Yeye aliyekaa uwanjani miaka yote hiyo hajui kuwa jambo hilo halifanywi?

Labda umeona ungo. Mbele ya mkwe. Wallahi silali leo.

KARAFUU KAVU: Pole yakhe. Swali moja tu, mkwe alicheka kwa meno au alificha mdomo? Maana kuna tofauti kubwa hapo, ya pili unaweza kurudi kula kwake Ijumaa.

MLETA UZI: Kwa meno. Mpaka magego niliyaona.

KARAFUU KAVU: Basi hiyo ndoa tuiombee dua.

BI MKUBWA WA MKOANI: Mwanangu yule mtu mwache. Ndiye aliyesema kwenye maziko ya marehemu shemegi yangu kuwa jeneza limebebwa vibaya, "sie uwanjani mzigo haubebwi hivi". Nimemsamehe lakini sijasahau.

DHUMNA MBILI: Mleta uzi, nilikuwepo. Umeruka pale ulipomwaga kahawa kwenye kanzu ya watu. Na ungo ulikuwa na injini ngapi? 😂😂

MLETA UZI: Nne! Nimeandika nne! Nawe ulicheka, nilikuona, umekaa karibu na mtungi.

FUNDI REDIO: Tuache mzaha kidogo. Injini nne na mapanga manne haitoshi kusema ni Hercules. Antonov An-12 nayo iko hivyo hivyo, na pacha wake wa Kichina, Y-8. Bawa juu, mlango nyuma, magurudumu ubavuni, kila kitu. Jibu nililolingoja hapa ni la pua. Umeiona pua?

MLETA UZI: Asante, hatimaye mtu mwenye akili. Pua nyeusi, butu, ya rada. An-12 ina vioo puani vya mwelekeza njia, na mkiani ina kibanda cha mpiga bunduki. Hii haikuwa na kimoja wala cha pili. Na haikuwa J, ile Hercules ya toleo jipya, kwa sababu J ina mapanga sita yaliyopinda. Ungekuwepo barazani wewe leo nisingedhalilika.

FUNDI REDIO: Basi nakuunga mkono, ni Hercules ya zamani. Ndizo walizotumia Waisraeli kuokoa mateka Entebbe, Julai 1976. Baba alikuwa akitusimulia alivyoisikia redioni.

DHUMNA MBILI: Fundi, baba yako ana habari za Entebbe, ya Wawi hana? Niulizie kama ungo ulipita kwake.

PWEZA WA TUMBATU: Samahani wadau, mleta uzi asije akawa amesoma mtandaoni habari za Pemba ya Msumbiji. Ile ya Cabo Delgado. Tangu 2021 walipokwenda wanajeshi wa Rwanda na wa SADC, ndege za mizigo za jeshi zimetua sana kule. Watu wengi huchanganya.

MLETA UZI: NIMESEMA NILIMPELEKA MAMA MDOGO. Mama mdogo nimpeleke Msumbiji kupanda ndege ya Unguja? Pemba yao ile walikuwa wakiiita Porto Amélia mpaka walipopata uhuru mwaka 1975, hii yetu ni Pemba siku zote. Mie nimesimama kwenye uzio, chuma kimenichafua kanzu, kutu iko hapa mpaka sasa. Mtu ananambia ungo, wa pili ananambia Msumbiji. Kesho mtaniambia nilikuwa Uchina.

MTU WA KIEMBESAMAKI: Nyie mmeona ndege moja mmefungua uzi. Njooni mlale kwangu mwezi wa Julai. Midege ya watalii inapita juu ya bati usiku kucha, mtoto wa mwaka mmoja kashajua kusema "Boeing" kabla ya "baba". Tumelalamika mpaka tumechoka, mkubwa fulani akatuambia tununue pamba za masikio.

BI MKUBWA WA MKOANI: Pamba za masikio! Hawa wakubwa wana midomo. Lakini mwanangu wewe angalau unalala juu ya kitanda. Mie juzi nimekuja na boti, mnaijua ile, nimekalishwa juu ya gunia la vitunguu la mtu mpaka Mkoani, na nauli nimelipa kamili kama aliyekaa mbele.

KARAFUU KAVU: Bi Mkubwa kwenye boti hiyo hiyo godoro langu lililowa maji ya chumvi. Jipya, kwenye nailoni yake. Namwuliza yule kijana wa mizigo ananambia "bahari haina mlango".

MTU WA KIEMBESAMAKI: 😂 Bahari haina mlango! Godoro la inchi ngapi?

KARAFUU KAVU: Sita.

MLETA UZI: Jamani uzi wangu. Mkwe wangu kacheka mbele ya watu.

MTU WA KIEMBESAMAKI: La sita likipigwa na jua siku tatu linakauka. La nane ndilo balaa, langu lilinuka mpaka tukaingia nalo Ramadhani.

BI MKUBWA WA MKOANI: Usilianike kwenye mchanga. Liweke juu ya kamba mbili, uligeuze Adhuhuri. Na chumvi uisuuze kwanza kwa maji baridi, la sivyo halikauki milele.

KARAFUU KAVU: Ahsante Bi Mkubwa. Maji baridi kiasi gani, ndoo moja inatosha?