Usaili wa walimu: karatasi inaweza kweli kuonyesha nani anajua kufundisha?

Mwalimu Mtarajiwa, Moshi

Habari zenu wadau. Nasoma ualimu hapa Moshi, mwaka wa mwisho, Hisabati na Jiografia, Mungu akijalia mwakani na mimi nitakuwa kwenye foleni ya ajira. Kama mnavyojua zamani TAMISEMI ilikuwa inapanga walimu yenyewe, unaomba kwenye mfumo unasubiri jina litoke, sasa hivi tunapita Sekretarieti ya Ajira kama kada zingine, mchujo wa kuandika kwanza, anayevuka ndo anaitwa kwenye mahojiano. Ule wa mwanzoni mwa 2025 ulizua maneno mengi, wengine wakasema afadhali iangaliwe mwaka wa kuhitimu, aliyetangulia kumaliza atangulie kuajiriwa.

Mimi usaili siupingi. Ninachotaka tujadili ni usaili uulize nini. Maana naona wenzangu wanavyojiandaa, ni kukariri tu, sera ya elimu ni ya mwaka gani, Piaget alisema nini, Vygotsky alisema nini, wale wanasaikolojia wa nadharia za kujifunza, usiku na mchana. Unaweza ukayajua yote hayo na ukiingia Form One watoto wakatoka kapa.

Nikiwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya kata upande wa Kibosho nilikaa nyuma ya darasa la mwalimu mmoja wa Hisabati, darasa limejaa, dawati la wawili wamekaa watatu. Kaandika ubaoni nusu kujumlisha theluthi. Hakuuliza "tumeelewana?" maana wote tunajua jibu lake, darasa zima litaitikia ndiyooo hata kama hakuna aliyeelewa. Akasema kila mtu aandike jibu nyuma ya daftari kwa herufi kubwa anyanyue juu. Mimi mwenyewe nilishangaa, kama nusu ya darasa walikuwa na 2/5, wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Akamsimamisha binti mmoja akamuuliza, tena kwa Kiswahili, hiyo mbili ya tano yako ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo? Binti kimya. Mwalimu naye kimya, hakumkaripia, hakuhamia kwa mwingine, fimbo hakuwa nayo hata mkononi. Baadaye yule mtoto akasema ni ndogo, halafu akaziba mdomo, maana alianza na nusu, akaongezewa, na bado akaishia na pungufu ya nusu! Akaomba kurudia mwenyewe bila kuambiwa amekosa, na kabla kipindi hakijaisha 5/6 ilikuwa imenyanyuliwa kila kona.

Ule ukimya una utafiti wake. Miaka ya 70 huko Marekani mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliona walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu, na wakijizuia mpaka sekunde 3 majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na wanaosema "sijui" wanapungua. Na lile swali la "kubwa au ndogo kuliko nusu" huwezi kulitunga kama hujui watoto huwa wanakosea wapi na kwa nini. Lee Shulman, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliliandika hilo 1986, kwamba kulijua somo ni kitu kimoja na kulijua kwa namna ya kumfundisha mwingine ni kitu kingine, na mwalimu anahitaji vyote viwili. Sasa hicho cha pili tunakipima wapi? Karibuni.

Mstaafu wa Ngaramtoni

Binti hongera, umeandika kwa moyo. Mimi nilianza kazi enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974 serikali ilitaka kila mtoto aende shule na walimu hawakuwepo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanafundisha huku wenyewe wanafundishwa. Kati yao walikuwepo walimu wazuri mno mpaka leo nawakumbuka, na walikuwepo ambao hesabu ya darasa la sita inawashinda, sasa huyo hata awe mpole vipi atamfundisha mtoto nini? Kwa hiyo karatasi msiidharau, angalau inaonyesha mtu analijua somo lake. Halafu waombaji ni maelfu kwa maelfu, nani atakaa nyuma ya darasa amtazame kila mmoja? Na bila karatasi tutarudi kwenye kujuana, mtoto wa fulani anapita.

Mzazi wa Sakina

Mnazunguka sana. Mwalimu bora ni matokeo basi. Nalipa ada, NECTA wakitoa naangalia Division One ngapi, mengine hayo ni ya chuoni.

Mwalimu Mtarajiwa, Moshi

Shikamoo mwalimu wangu, nashukuru sana, hilo la kulijua somo nakubaliana na wewe asilimia zote, wala sisemi karatasi ifutwe. Nitarudi kwako.

Kaka wa Sakina, matokeo ni ya muhimu ndiyo ila yanakuambia nini kuhusu mwalimu? Shule inachukua watoto kwa mtihani wa kujiunga, ikifika Form Two wenye wastani mdogo wanaambiwa watafute shule nyingine, Form Four wanabaki wale ambao hata ukiwapa vitabu tu watafaulu. Pembeni kuna ya kata inapokea kila anayekuja, mwalimu kampokea mtoto asiyejua hesabu za sehemu, nusu na theluthi, akamtoa na D ya Hisabati, huyo amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake na kwenye hesabu yako haonekani. Hata NECTA wenyewe tangu Januari 2023 wameacha kutangaza shule kumi bora.

Mhitimu 2017, Usa River

Mimi najitolea shule ya msingi hapa kijijini, kinachonilipa ni michango ya wazazi, mwezi mwingine inakuja mwingine haiji. Darasa la kwanza walioingia hawajui hata a, nimewafundisha na wanasoma. Ila nikae nishindane kwenye nadharia na mtu aliyemaliza chuo juzi, kwangu sio haki. Waangalie tunaojitolea, mwalimu mkuu aandike barua.

Mwalimu Mtarajiwa, Moshi

Pole sana kaka, na hongera, kumtoa mtoto kwenye kutojua herufi mpaka akasoma ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye elimu na mimi siwezi kuifanya bado. Shida ya barua ni ileile aliyoisema mwalimu mstaafu, barua itaandikwa hata kwa ambaye hajakanyaga darasani.

Ndo maana mimi nasema karatasi ibaki ila maswali yabadilike, yaulize kufundisha. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan, watafiti Deborah Ball na Heather Hill na wenzao walitunga maswali ya namna hiyo ya kuandika kabisa. Unaonyeshwa wanafunzi watatu wamezidisha 35 mara 25 kila mmoja kwa njia yake, unaulizwa njia ipi itafaa kwa namba nzima zozote. Mwaka 2005 wakatoa matokeo, walimu waliopata alama za juu kwenye maswali hayo, watoto wao wa darasa la kwanza na la tatu walipiga hatua zaidi kwenye hesabu. Kwetu tungeuliza, mtoto kaandika nusu jumlisha theluthi ni 2/5, amewaza nini na utamuuliza swali gani? Kwa kaka wa Usa River, mtoto anasoma "ba" vizuri ila "mba" inamshinda, utaanzia wapi? Aliyekariri hapo atakwama, na mtu aliyekaa na watoto miaka yote hiyo atajaza ukurasa.

Mstaafu wa Ngaramtoni

Marahaba binti. Hilo nimelielewa na linanivuta. Ila maswali ya kujieleza namna hiyo kwa maelfu ya watu, atayasahihisha nani?

Mwalimu Mtarajiwa, Moshi

Walimu wazoefu, mwalimu wangu. Kila mwaka walimu wanakusanywa kusahihisha mitihani ya NECTA, na insha zimo humo, za watahiniwa wengi kuliko waombaji wa ajira. Karatasi zikiwa na namba badala ya majina, na kila moja ikisomwa na watu wawili, hata ile hofu ya kujuana inapungua. Hata ninyi wastaafu mnaweza kuitwa, makosa ya watoto mmeyaona yote.