Naomba ushauri: mashimo ya dhahabu shambani, Ikolomani

Wadau, habari zenu. Baba ametuachia ekari moja huku Ikolomani, Kakamega. Wachimbaji waliikodi, dhahabu ilipopungua wakahama bila kufukia mashimo. Moja limejaa maji, na mbuzi wa jirani ameshatumbukia humo.

Kifusi cha kurudishia kipo. Kinachoninyima usingizi ni lundo la mchanga uliobaki walipokamata dhahabu kwa zebaki, tena liko karibu na kijito. Zebaki haiozi, na ikifika majini huingia hadi kwenye samaki. Nikifukia shimo kwa mchanga huo, si nitakuwa nimeusogeza kwenye maji ya visima? Mzee mmoja anasema nipande mikaratusi juu ya mchanga huo, mambo yaishe. Hilo halijaniingia akilini.

Je, NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya) huja kupima udongo wa mtu binafsi, au nitafute maabara? Na mahindi nisipande kwanza?