Ushauri: Safari ya treni kutoka Leicester hadi Roma, mume wangu amekatazwa kupanda ndege

Bint Pangani

Habari za jioni, wanajamvi. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, Uingereza, kwa kibali cha ukaazi, na bado tunatumia pasipoti za Tanzania. Mwezi wa sita mdogo wangu anaolewa Roma, na baba ameshanitamkia kuwa mimi ndiye nitakayesimama mahali pa mama yetu, ambaye ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kutokwenda hakuwezekani. Mume wangu amefanyiwa upasuaji wa sikio na daktari amemkataza ndege kwa miezi kadhaa, tukaona twende kwa treni. Treni niliyoizoea mimi ni ya Reli ya Kati, ambayo mtu hukata tiketi moja Dar es Salaam na behewa lake likamfikisha Kigoma. Huku nimekaa siku tatu mbele ya kompyuta, na kila nchi ninayoifungua ina kampuni yake na masharti yake. Naomba mwenye uzoefu anielekeze: nianze na nini, nipite wapi, na je, tukichelewa katikati ya njia, tiketi inayofuata imepotea?

Mzee wa Stesheni

Dada, mpe pole mgonjwa, na hongera kwa harusi. Anza na viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zikiwamo Ufaransa na Italia, kwa sababu kibali cha Uingereza hakiwaruhusu kuingia Ufaransa wala Italia. Ombi lipelekeni kwa Italia, kwa kuwa ndiko mtakakokaa siku nyingi, hata kama mtaingilia Ufaransa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Tafadhali msilipie tiketi isiyorudishiwa fedha kabla hamjaishika viza mkononi.

Polisi wa Ufaransa hukagua pasipoti pale pale St Pancras, London, kabla abiria hajapanda, na lango la Eurostar, treni ya London hadi Paris inayopita chini ya bahari, hufungwa nusu saa kabla ya treni kuondoka. Kwa bahati nzuri treni za Leicester hufikia St Pancras hiyo hiyo. Hata hivyo, jipeni saa mbili.

Ibn Lamu

Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023, abiria mwenye tiketi ya mkataba mmoja akikosa treni ya kuunganisha kwa kuwa ya kwanza imechelewa, kampuni inawajibika kumfikisha mwisho wa safari yake. Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hana haki hiyo. Atadai fidia ya ile treni iliyochelewa tu, yaani robo ya nauli ikichelewa kuanzia saa moja, na nusu kuanzia saa mbili. Mimi yamenikuta. Treni yangu ya kwanza ilichelewa dakika 75, nikafika juu ya ngazi nimebeba sanduku na kuiona ya pili ikianza kuvuta mabehewa, nikalazimika kukata tiketi nyingine kwa bei ya siku ile, karibu mara tatu ya niliyokuwa nimelipa.

Kwa hiyo msilazimishe kumaliza safari kwa siku moja. Laleni Paris, karibu na Gare de Lyon. Eurostar hufikia Gare du Nord, ilhali treni za Italia huondokea Gare de Lyon. Kati ya stesheni hizo mbili mtapanda RER D, treni ya mjini Paris, ambayo husimama Châtelet–Les Halles, kisha Gare de Lyon yenyewe. Mageti ya kuingilia ni membamba na hujifunga haraka, basi sanduku litangulizeni mbele yenu, msilivute kwa nyuma, maana litabaki upande wa pili.

Siku ya pili angalieni sana jina la stesheni. TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, huishia Milano Porta Garibaldi, na treni nyingi za kasi za Roma huondokea Milano Centrale. Mimi hushuka mapema zaidi, Torino Porta Susa, nikapanda Frecciarossa, treni ya kasi ya Italia, hadi Roma Termini bila kutoka stesheni. Vilevile ziko Frecciarossa zinazotoka Paris. Tafuteni safari nzima hadi Roma kwenye tovuti ya Trenitalia, kampuni yenye Frecciarossa, mwone kama wanaiuza kwa mkataba mmoja. Mkikuta maandishi yanayosema reli ya kati ya Ufaransa na Italia imefungwa, ni ya zamani: mwamba uliporomoka Agosti 2023, na treni zikarudi mwisho wa Machi 2025.

Nesi Mstaafu

Treni ya kasi ikiingia kwenye handaki, msukumo wa hewa hubadilika na masikio huziba, ingawa si kama ndani ya ndege. Handaki la chini ya bahari lina urefu wa takribani kilomita 50, na mpakani mwa Ufaransa na Italia kuna jingine chini ya milima ya Alps. Mwulizeni daktari kuhusu mahandaki hasa, msiridhike na neno "treni".

Bint Pangani

Nawashukuru kwa dhati. Hilo la mahandaki halikutupitia akilini, na mume wangu anapiga simu hospitali kesho asubuhi. Daktari akiridhia, tutaondoka Jumatano, tulale Paris, tufike Roma Alhamisi jioni, na Ijumaa tuiache wazi, kwani harusi ni Jumamosi. Mzee, kwa kuwa tutarudi kwa kupitia Ufaransa, je, tuombe viza ya kuingia mara mbili?

Mzee wa Stesheni

Ya mara moja inatosha, dada. Kutoka Italia kwenda Ufaransa mtakuwa bado ndani ya Schengen, na mtahesabiwa kuwa mmetoka pale mtakapokaguliwa Gare du Nord mkirudi London.