Kumuaga mkuu wa chuo anayestaafu: ratiba, zawadi na chakula cha watu 300 (Iringa)

Mjumbe_Kamati
Shikamooni wakubwa. Nipo kwenye kamati ya kumuaga mkuu wetu wa chuo, chuo cha kanisa hapa Iringa. Ni mchungaji, anastaafu mwisho wa Juni. Tunategemea watu 300, ibada asubuhi kisha tafrija palepale uwanjani. Zawadi zinazopendekezwa: jengo lipewe jina lake, ng'ombe wa maziwa, mgolole (shuka la Kihehe la kufungwa begani), au mfuko wa kusaidia wanafunzi wasiojiweza. Michango inaelekea milioni 14. Tuanzie wapi?

Karani wa Itifaki
Marahaba. Anzeni na mgeni rasmi, ratiba yote inamfuata yeye. Kama ni askofu, barua ipitie kwa katibu mkuu wa dayosisi mapema, kalenda yake ya Juni hujaa haraka. Mkimwalika na mkuu wa wilaya, barua itamke wazi kwamba anakuja kama mgeni mwalikwa. Mgeni rasmi ni mmoja, naye ndiye msemaji wa mwisho. Baada yake ni neno la shukrani na sala. Mstaafu aongee kabla yake, sio saa tisa watu wameshaanza kunusa pilau.

Kinachoua ratiba ni salamu. Makundi sita kwa dakika tano tano ni nusu saa kwenye karatasi, kwenye kipaza sauti ni saa moja na nusu. Wafanyakazi na wanafunzi watoe risala moja ya kurasa mbili, hiyohiyo ndiyo iwekwe kwenye fremu akabidhiwe. Mtu mwingine aisome kabla haijachapwa: "Mch. Dk." ikigeuka "Dk. Mch." au mwaka wa kuanza kazi ukikosewa, fremu itabaki ukutani kwake hivyo hivyo.

Maandamano ya majoho: wadogo hutangulia, mkubwa huingia wa mwisho. Kutoka, mkubwa anaanza.

Jina la jengo si la kamati, ni la bodi ya chuo. Msitangaze kabla muhtasari wa kikao haujasainiwa.

MamaLishe Ipogolo
Kwa 300: mchele kilo 40 (kilo moja watu 8), nyama ya ng'ombe kilo 60, vitunguu kilo 8, mafuta lita 6. Soda kreti 14. Juni hapa ni baridi na upepo, na hapo ndipo wengi wanaumbuka: nyama yenye mafuta mengi ikikaa kwenye sinia wazi, mafuta yanaganda meupe juu ya wali kabla mgeni hajafika mezani. Mwambieni mchinjaji apunguze mafuta, pikieni ya alizeti, chakula kikae kwenye hotipoti mpaka sala iishe. Meza za kugawa ziwe nne. Mkiweka moja, wa mwisho atakula jioni.

Kama kuna maharage, yaanze jikoni usiku. Kwa mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hayaivi upesi kama ya Dar.

Mhasibu wa Usharika
Ng'ombe mnampa mtu anayehama nyumba ya chuo, banda liko wapi? Akihamia wilaya nyingine mnahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo. Na mtamba mwenye mimba kusimamishwa karibu na spika za kwaya ni kutafuta balaa.

Mimi naunga mkono mfuko. Fungueni akaunti ya mfuko peke yake, watia saini watatu, mmoja awe nje ya chuo. Fedha zikilala akaunti ya kawaida zitaliwa na makato ya benki. Afadhali hatifungani za serikali, yaani mnaikopesha serikali: zinaanzia milioni 1 na hulipa riba kila miezi sita. Mkibakiza milioni 8 mkaziweka humo, kwa riba ya asilimia 10 tuseme, ni 800,000 kwa mwaka. Hailipi ada yote ya mtu, ila inatosha nauli na malazi ya mafunzo kwa vitendo kwa wawili watatu. Andikeni kwenye katiba ya mfuko kwamba mtaji hauguswi, la sivyo mwaka wa pili utalipa deni la umeme.

Mjumbe_Kamati
Asanteni sana. Ng'ombe tumemwacha. Mgolole je, avishwe wakati wa ibada?

Karani wa Itifaki
Hapana, kwenye tafrija. Juu ya joho unateleza, na fundo linakaa vibaya kwenye picha. Avue joho kwanza, na wazee wawili wa Kihehe wamvishe. Waambieni wiki moja kabla, na muwaulize kama wana maneno ya kusema, ili dakika zao ziingie kwenye ratiba.