Chuo cha sanaa au moja kwa moja kwenye kamera? Nisaidieni na mpwa wangu

Wadau, naleta jambo lililoigawa nyumba yetu, na naamini haliko kwetu tu.

Mpwa wangu ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita mwaka huu. Anataka kuigiza, na ameanza zamani. Tangu darasa la tano hakukosa kwenye maigizo ya shule. Sasa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuomba chuo, TaSUBa kule Bagamoyo, aanze na astashahada. Ya pili, kuna prodyuza kaona vipande vyake vya video mtandaoni, anamwita kwenye tamthilia akacheze binti wa kazi. Dada yangu anataka chuo. Shemeji anauliza, "Kanumba, yule nyota wa filamu zetu, alisoma chuo gani?" Mtoto mwenyewe kanipigia simu usiku: "Mjomba, wewe umeigiza. Sema wewe."

Nimeshasema: chuo kwanza. Lakini sababu yangu siyo ile ya cheti inayotajwa kila siku, ndiyo maana nauleta msimamo huu hapa muupime.

Mimi sikusoma chuo. Nilifundwa na kikundi, Temeke, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tulikuwa tukikutana jioni kwenye uwanja wa shule, watu kama ishirini, chini ya mzee mmoja aliyewahi kuigiza redioni. Wiki ya kwanza alinipa ndoo tupu, akaniambia niivushe uwanja kana kwamba imejaa maji. Nikavuka. "Ndoo hiyo haina maji. Rudia." Nikakunja uso, nikahema kama mtu aliyepanda mlima. "Uso haubebi ndoo. Rudia." Siku ya tatu dada mmoja wa kikundini, ambaye kila alfajiri alikuwa akichota maji bombani kweli, akanionyesha. Bega la upande wa ndoo linashuka. Mkono mwingine unajitanua wenyewe kutafuta mizani. Hatua zinakuwa fupi fupi. Na ukishaitua huondoki hapo hapo, kwanza unakunjua vidole vilivyokufa ganzi.

Vile vidole ndivyo vilivyonifundisha kazi. Mpaka leo nikitazama tamthilia macho yangu yako mikononi, na inaniuma nikimwona binti wa kazi anaingia na ndoo inaning'inia kama kipochi.

Kwa hiyo shemeji akiuliza Kanumba alisoma chuo gani, namjibu kwamba alipitia Kaole. Kaole Sanaa Group, kile kikundi cha maigizo tulichokuwa tukikitazama ITV, ndiko alikoibukia, na mwigizaji mwenzake Ray naye alitoka humo humo. Kabla yao palikuwa na vikundi vikubwa kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), ambako onyesho moja lilibeba ngoma, muziki na maigizo, na msanii alitakiwa ayaweze. Waliotoka huko walikuwa na mtu wa kuwaambia "rudia" kila siku, mbele ya wenzao, kwa miaka. Mimi nakiita hicho chuo kisicho na geti. Vikundi vya namna hiyo vimekufa vingi, na kwa binti wa leo pale anapoweza kumpata mtu huyo kwa uhakika ni darasani.

Lokesheni, yaani pale filamu inapopigwa, mtu huyo hampati. Nimefanya kazi huko, nawaeleza nilichokiona. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unaambiwa, "Wewe umefukuzwa kazi, unalia, maneno utajua mwenyewe." Zinapigwa sini kumi na zaidi kabla jua halijazama, kwa sababu nyumba imekodiwa kwa siku. Ukirudia, umerudia kwa sababu betri ya maiki imeisha. Mwenye uzoefu atajiokoa. Mgeni anashika kile kilichosifiwa siku ya kwanza, tuseme kile kilio, na miaka kumi baadaye bado analia kilio kile kile.

Kuna mfano wa Lupita Nyong'o, mwigizaji wa Kenya, maana watu huutaja nusu. Ni kweli alisoma uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akamaliza 2012, na mwaka 2014 akachukua Oscar. Ila alipokwenda huko hakwenda mtupu: akiwa na miaka 14 alishasimama jukwaani Nairobi na kikundi cha Phoenix Players akicheza Juliet, na baadaye akaigiza kwenye tamthilia ya Shuga. Upande wa pili yuko mwigizaji Daniel Kaluuya, mtoto wa Waganda aliyezaliwa London. Hakupitia chuo cha uigizaji na Oscar kaipata 2021. Lakini tangu utoto alikuwa kwenye madarasa ya uigizaji ya vijana pale mtaani kwao. Kila nikichimba habari za mtu anayesemwa "hakufundishwa", namkuta mwalimu mahali.

Na kuna suala la karatasi. Miaka ile nilisaini ukurasa mmoja wa filamu, nikalipwa mara moja, kisha nikaona sura yangu kwenye majalada ya filamu hiyo Kariakoo kila nikipita. Sikujua hata cha kuuliza. Mwaka 2018, mzee wetu King Majuto akiwa mgonjwa, habari ya mikataba inayowapunja wasanii ilifika hadi serikalini, ikaundwa kamati ya kuipitia. Ikiwa msanii mkubwa kiasi kile, aliyetuchekesha miongo kwa miongo, yanaweza kumfika hayo, binti wa miaka 19 anayeitwa kwa ujumbe wa simu atajilindaje? Simwachii aende kabla hajajua kusoma mkataba.

Haya, mnasemaje?

—

Nimerudi. Nimesoma majibu yote tangu jana, asanteni.

Wengi mmeandika kwamba kipaji hakifundishwi. Sawa, lakini mwenye sauti nzuri naye hufundishwa kupumua ili sauti isimkatikie katikati ya wimbo. Sioni kwa nini mwigizaji aachwe.

Aliyeniumiza kichwa ni dada mmoja aliyesema ana stashahada ya sanaa za maonyesho na yuko nyumbani mwaka wa pili. Anasema kila usaili anaoenda huulizwa kwanza ana wafuasi wangapi mtandaoni, na nafasi aliyoitaka ilipewa mtu asiyewahi kufanya zoezi hata moja. Dada, hapa sina jibu la kukuridhisha. Umesema kweli, na kosa si lako wala la chuo chako. Prodyuza ananunua watazamaji waliokwisha kukusanyika, kwake ni hesabu ya haraka. Umenifanya niongeze jambo kwenye ushauri wangu: mpwa wangu asizifunge kurasa zake akiwa chuoni. Hivyo vipande aendelee kuvirusha, ila virushwe na mtu anayejifunza.

Ndugu wa Mombasa amenikumbusha kwamba kwa wenzetu Kenya tamasha la drama la shule na vyuo lipo tangu 1959, kwa hiyo mtoto anapofika umri wa mpwa wangu anaweza kuwa ameshaonja majukwaa kuanzia ya wilaya hadi ya taifa, na majaji wamemkosoa waziwazi. Hilo nalionea wivu. Kwetu mwigizaji wa shule ya sekondari anapigiwa makofi siku ya mahafali, basi, hakuna wa kumwambia ulipokosea ni hapa.

Aliyeniambia nawaringia vijana kwa sababu nilipata kikundi, naomba anielewe. Nakililia kikundi, siringi nacho. Kingekuwapo leo, karibu na kwao, chenye mzee kama yule, ningemwambia mpwa wangu aende tamthilia asubuhi na mazoezini jioni, na ada ya chuo dada angesomeshea mdogo wake.

Tulipofikia kama familia ni hivi. Ataomba chuo. Na ile nafasi ya binti wa kazi, prodyuza amekubali acheze vipindi vichache tu kabla masomo hayajaanza, na mkataba utapita kwangu kabla hajasaini. Jana alikuja nyumbani nikampa ndoo tupu, nikamwambia avuke nayo ua. Amerudia mara tisa. Ya tisa, alipoitua, alibaki ameinama kidogo akifungua na kufumba kiganja. Sikuwa nimemwambia.

Chuo kikimkubali, bado ana miezi ya kusubiri, na mimi mwalimu siwezi kuwa, kazi yangu ni ya zamu. Mwenye kujua kikundi kinachofanya mazoezi ya jioni upande wa Temeke au Mbagala, chenye mwalimu mkali na kinachopokea msichana wa miaka 19, aandike hapa chini siku na saa wanazokutana.